Cherehani Kizuizini

Mama mkwe aliketi katikati ya kochi akakataa kubanduka. Mnunuzi alisimama mbele yake na utepe wa kupimia mkononi, hajui kama apime kochi peke yake au apime pamoja na bibi.

"Mama, inuka kidogo tu," alisema Bi Sindano kwa sauti ya chini. "Mgeni auone huo mto wa katikati."

"Auone kutoka hapo alipo. Macho anayo."

"Mama, nakuomba."

"Mimi hapa ndipo ninapolala. Tangu lini mtu akaja kununua kitanda cha mwenzie, na mwenzie akampisha kwa heshima?"

Mnunuzi alikuwa mwenye duka la simu, mtaa wa pili, na kwa tabia alikuwa mtu wa kunusa. Alinusa mkono wa kochi, akanusa mgongo wake, kisha akainama kunusa chini, na Bi Sindano akahisi uso unawaka moto kama vile anayenuswa ni yeye. Kochi lile alilishona mumewe enzi za raha. Kwa masimulizi ya mume mwenyewe, siku ya kulijaribu walilikalia watu tisa na mbuzi mmoja, na aliyelalamika kubanwa ni mbuzi peke yake.

Mume huyo watu walimwita Naweza, maana mteja alipouliza habari ya kazi yoyote ile, hakuwahi kupewa jibu jingine. Unaweza kushona kiti cha gari? Naweza. Kiti cha kinyozi, kile cha kuzunguka? Naweza. Cha ndege je? Kilete. Ndiyo ilikuwa sheria ya karakana yake: fundi akikiri mara moja kwamba kitu kimemshinda, mteja hatavuka barabara kuja kwake mara ya pili. Wewe kubali kwanza, pokea arubuni, halafu ujifunze kazi yenyewe mlango ukiwa umefungwa. Na kweli alijifunza. Mkewe ndiye aliyekata vitambaa na kushindilia sponji, na jina la Bi Sindano alilipata kwa mikono yake, ingawa wapo waliosema amelipata kwa ulimi.

Wiki iliyopita, Bi Sindano akiwa ameenda kununua uzi, askari wa mji waliingia karakana wakataka cheti cha usajili na leseni ya biashara. Naweza, aliyeweza kila kitu, hilo hakuliweza. Walifungua kichwa cha cherehani kubwa ya makochi, kile kipande cha chuma kizito kama dhambi, wakakipakia kwenye gari lao na kuacha karatasi ya kukamatia mali na meza yenye tundu katikati. Pembeni vilibaki viti vya mwenye nyumba ya wageni, vimevuliwa nguo, misumari nje. Arubuni yake ilikuwa imeshageuka sponji, na sponji haikai bila kushonewa.

"Elfu hamsini," alisema mwenye duka la simu.

"Hamsini!" Bi Sindano alishika kiuno. "Kitambaa peke yake kimenizidi hizo. Hebu bonyeza. Bonyeza hapo! Unaona linavyorudi? Hili halijachoka, limezoea tu."

"Limezoea bibi," alisema mnunuzi. "Hamsini na tano."

"Sabini."

"Sitini, na nalibeba mwenyewe. Shida yenu naijua, mama. Sitaki kuwanyonya, lakini sitaki pia kuwalea."

Naweza alikuwa mlangoni, anatazama nje kama mtu anayesubiri barua. Hakuingilia. Aliyeingilia ni mama yake.

"Ongeza kumi, nije nalo."

"Bi mkubwa, ukija wewe, mke wangu anaondoka."

"Basi ongeza ishirini, ndiyo faida yako hiyo!"

Mnunuzi alicheka mpaka akafuta macho, lakini mfuko wake haukucheka. Sitini zikahesabiwa mezani. Vijana wawili waliinua kochi, likakwama mlangoni, likapinduliwa miguu juu kama mzoga, likatoka. Pale liliposimama miaka yote sakafu ilikuwa na rangi nyingine, pembe nne safi. Mama mkwe akaingia katikati ya alama ile, akasimama pale kama mtu aliyechorewa mpaka.

"Haya," alisema. "Fundi wa makochi, mama yake anakaa chini. Nendeni mkasajili na hilo."

*

Sitini za kochi na ishirini alizokopa Bi Sindano kwa kaka yake, kwa maneno matamu na machozi ya kweli, zikawa themanini. Ndizo walizoambiwa na kila aliyewahi kupita njia ile: ada ya jina la biashara, ada ya leseni, faini ya kukomboa mali, mhuri. Themanini zinatosha, walisema, ila usiende na njaa, maana foleni haina huruma.

Njiani Bi Sindano alimfunda mumewe kama mtoto anayepelekwa kwa mkuu wa shule.

"Ukiulizwa unafanya nini, sema makochi."

"Nimesikia."

"Si makochi na. Makochi, nukta."

"Mke wangu, mimi ni mtoto?"

"Mtoto ningempakata nikamfunga mdomo kwa titi."

Ofisi ilikuwa na madirisha matano, na moja tu lenye mtu. Kalamu ya wananchi ilifungwa kwa kamba fupi, kwa hiyo kila mwananchi alilazimika kuandika ameinama, kama anayeomba radhi. Ukutani bango liliwahimiza walipe ada kwa maendeleo yao, na chini ya bango walisimama watu ambao sura zao hazikuonyesha maendeleo yoyote: muuza mayai, kinyozi, mama mmoja aliyekuwa akiuliza kila aliyepita kama chapati ni chakula au ni bidhaa.

Karani hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mbaya, mtu angepata wa kumlaani. Alikuwa mpole, mwenye shati lililopigwa pasi, na alimwita Naweza "mzee wangu" wakati mzee mwenyewe alikuwa bado ana meno yote.

"Karibu, mzee wangu. Shughuli ya biashara?"

"Makochi," alisema Naweza.

Bi Sindano akashusha pumzi.

"Vizuri. Fremu za mbao mnanunua au mnatengeneza wenyewe?"

Hapo mkewe aliona kitu kinachemka shingoni mwa mumewe. Alikiona, akakijua, akamkanyaga mguu. Lakini nyuma yao foleni ilikuwa imenyamaza kusikiliza, na mtu anapoulizwa na aliyeshika kalamu, mbele ya kadamnasi, kama kazi fulani anaiweza, huyo muulizaji ni mteja, asikudanganye mtu.

"Mbao?" alisema Naweza. "Kijana wangu, mbao mimi natengeneza tangu hujazaliwa. Kochi, kitanda, kabati, ukitaka hata ngazi."

"Useremala," alisema karani, akabonyeza. "Vitambaa, mteja analeta au mnauza?"

"Tunashona tu," alidakia Bi Sindano.

"Mama, ngoja mwenye biashara ajibu."

"Nauza pia," alisema mwenye biashara. "Tena bei yangu dukani huipati."

"Uuzaji wa vitambaa. Na kochi likiisha, mteja anafuata mwenyewe?"

"Afuate? Namfikishia mpaka chumbani. Ghorofa ya tano, bila lifti."

"Usafirishaji wa mizigo." Akabonyeza. "Na mteja ambaye hajui rangi ipi inamfaa?"

"Hapo ndipo utanijua mimi ni nani! Namwuliza ukuta wake una rangi gani, dirisha linatazama wapi, ana watoto wangapi. Namshauri, na anashukuru."

"Ushauri wa mapambo ya ndani," alisema karani kwa heshima. "Hiyo tunaiweka daraja la wataalamu, mzee wangu. Pamoja na wanasheria na madaktari."

Naweza aligeuka kumtazama mkewe, macho yanang'aa. "Umesikia? Na madaktari."

"Nimesikia," alisema Bi Sindano. Mguu aliokuwa anaukanyaga aliuacha. Maji yalikuwa yameshamwagika, kilichobaki ni kuangalia yanafika wapi.

"Mtaji wa kuanzia?"

Mtaji wa kuanzia ulikuwa nyundo moja, mikasi miwili na cherehani iliyo mikononi mwa serikali. Naweza alitupa jicho nyuma. Muuza mayai alikuwa amenyoosha shingo.

"Milioni tatu," alisema Naweza.

Mtu mmoja kwenye foleni akapiga mluzi wa kustaajabu, na Naweza akaweka vizuri kola ya shati.

Karani alibonyeza mara ya mwisho, mashine ikakoroma, ikatema karatasi. Aliisoma mwenyewe kwanza, akaonekana kusikitika, kisha akaisukuma chini ya kioo. Shughuli tano, kila moja na leseni yake. Mtaji wa daraja la pili. Ada ya jina, ada ya ukaguzi wa eneo, ada ya taka, ada ya bango, hata kama bango huna. Chini kabisa, kwa wino mzito: laki nne na elfu kumi na mbili. Na faini ya kukomboa cherehani haipokelewi kabla leseni hazijatoka.

Rangi ilimtoka Naweza kuanzia paji la uso kushuka chini.

"Futa," alisema Bi Sindano. "Mwanangu, futa hayo yote, andika makochi."

"Mfumo umeshapokea, mama."

"Mfumo si wewe ndiye uliyeulisha?"

"Kufuta ni marekebisho. Marekebisho yana ada yake. Na inatakiwa hati ya kiapo kutoka kwa wakili, kwamba aliyoyasema mwanzo hayakuwa kweli."

"Kwa hiyo kusema kweli kunalipiwa?"

"Mama, kila huduma ina ada."

"Tuna themanini," alisema. Alizifungua palepale dirishani, zikiwa bado na mkunjo wa mfuko wa mwenye duka la simu. "Hizi hapa. Tumeuza kitanda cha mama yetu. Chukua, tupe kipande cha chuma chetu, hayo mengine tutakuja tupigane nayo polepole."

Kinyozi nyuma yake alitazama dari. Yule mama wa chapati akasema "maskini" kwa sauti ambayo ingekuwa bora angetukana. Karani alisukuma noti zile zirudi kwa ncha ya kalamu, taratibu, kama anayesogeza sahani ya mtu mwingine.

"Nimefungwa mikono, mama. Na nikwambie mapema ujue: mali isiyokombolewa inanadiwa Jumamosi, uwanja wa nyuma. Mwenye mali haruhusiwi kununua mali yake. Wako watu walianza kutegea mnada ili wakwepe ada. Siku hizi akigundulika, mali inabaki na yeye mwenyewe anabaki, kizuizini." Akainua kichwa. "Anayefuata!"

*

Jioni ile nyumba ilikuwa na sauti ya nyumba iliyohamwa. Mama mkwe alikuwa amelalia gunia la sponji chakavu juu ya ile alama ya kochi, kwa sababu alikataa kulala mahali pengine. Naweza alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa amepita alasiri, hakufoka, alisema tu kwamba Jumatatu anataka viti au anataka arubuni, na kwamba rafiki yake ni askari.

"Ungejibu neno moja," alisema Bi Sindano. "Neno moja tu, tungekuwa tumerudi na cherehani tunashona saa hizi."

"Mbele ya watu wale wote?"

"Watu gani? Muuza mayai? Muuza mayai atakulisha?"

"Nilitaka aone anazungumza na mtu."

"Ameona. Amekutoza kwa kukuona."

Naweza hakujibu. Miaka yote mkewe alikuwa hajui kama anaweza kunyamaza. Sasa alijua, na hakupenda. Ndoo ikalia chini yake alipohama ubavu.

"Hiyo karatasi ya askari," alisema mama mkwe kutoka chini, macho ameyafumba, "imeandikwa jina la nani?"

"La mwanao," alisema Bi Sindano. "La nani tena?"

"Na wewe wamekuandika wapi?"

"Sijaandikwa popote."

"Siku walipokuja, ulikuwepo?"

"Nilikuwa nimefuata uzi."

"Basi." Bibi akafumbua jicho moja. "Miaka yote hii umeshindilia sponji humu ndani, serikali haikujui, haina habari yako, hujawahi kuzaliwa. Mtu wa namna hiyo nani atamkataza kununua cherehani mnadani kwa pesa zake?"

Walimtazama. Bi Sindano alianza kucheka, kisha kicheko kikafika katikati kikageuka kitu kingine, akajifuta kwa kiganja.

"Na wakiniuliza?"

"Hujui kitu."

"Na mimi?" aliuliza Naweza.

"Wewe," alisema mama yake, "kaa hapahapa ushauri mapambo."

*

Uwanja wa nyuma ulikuwa makaburi ya biashara ndogondogo. Mizani ya nyanya, mwavuli wa muuza juisi, kiti cha kinyozi, majiko, bunda la mikanda, sufuria kubwa lililobaki na ukoko wa siku lilipokamatwa. Kila kitu kilifungwa kikaratasi. Watu walizunguka mle kimyakimya, na ilikuwa rahisi kuwatofautisha: wanunuzi waliangalia bei, na wale waliokuja kuaga walisimama mbali mbele ya kitu kimoja wasihame.

Bi Sindano alijua hilo, akajilazimisha. Aliangalia mizani. Aliuliza habari za mwavuli. Cherehani aliiacha ubavuni, akaipita kama mwanamke anayepita mlango wa mke mwenza. Walikuwa wameiweka juu ya tairi. Uzi wake, uzi uleule wa kahawia alioufunga kwa mkono wake, ulikuwa bado umening'inia kwenye sindano.

Alipoinua uso akamwona mumewe.

Alikuwa amesimama karibu na geti, na kofia ya kuazima iliyomfunika masikio, na hakuna kitu kilichomtangaza kuliko kofia ile. Askari aliyekuwa akilinda mali, mnene, mwenye fimbo, alikuwa ameshaanza kumwendea.

"Wewe nakufahamu," alisema askari. "Si fundi makochi wewe? Yule mwenye maneno?"

"Hapana, mkuu. Nafananishwa sana."

"Umefuata nini?"

"Kibarua. Nabeba mizigo."

Askari alimzunguka nusu duara. Hakumfukuza. Alisimama pembeni yake, fimbo chini ya kwapa, kama mtu aliyeona panya na kuamua kusubiri aone tundu lake.

Mnadi alifika kwenye cherehani. "Cherehani ya viwandani! Chuma tupu! Hii inashona ngozi, inashona turubai, inashona hata midomo ya majirani! Nani ananianzishia ishirini?"

Mwenye vyuma chakavu alianzisha ishirini, bila hata kuitazama. Bi Sindano aliacha ipoe kidogo, akasema thelathini. Thelathini na tano. Arobaini. Mwenye vyuma chakavu sasa aligeuka akamtazama yeye, si cherehani. Na mtu aliyekaa mnadani miaka mingi hujua kusoma mwanamke.

"Hamsini," alisema, kwa kumjaribu.

"Hamsini na tano."

"Sitini."

"Sitini na mbili," alisema Bi Sindano, na sauti ikamponyoka, ikapanda juu.

Mnadi akashusha mkono. Askari mwenye fimbo alikuwa amesogea, na alikuwa anatazama pande mbili: huku mwanamke, kule kofia.

"Samahani, mama. Hiki chombo ni chako?" aliuliza askari.

"Kingekuwa changu ningekinunua?"

Watu wakacheka. Askari hakucheka.

"Na yule pale getini, unamjua?"

Bi Sindano aligeuka. Ilimbidi ageuke amtazame, na asimtazame haraka mno wala kwa muda mrefu mno. Aliona shati alilolifua jana. Aliona kifungo ambacho hakikufanana na vingine, alichokishona yeye kutoka kwenye blauzi yake.

"Yupi?"

"Yule wa kofia."

"Simjui."

"Una hakika? Hujawahi kumwona?"

"Baba, mimi nimeolewa, na mwanamume wangu yuko nyumbani. Mnataka nimjue kila mvaa kofia wa mjini?"

Kicheko tena. Mnadi akauliza kama kuna sitini na tano. Mwenye vyuma chakavu aliwatazama wote watatu, mwanamke, askari na kofia, akaona kwamba hapa pananuka, na yeye harufu za askari hazitaki. Akatikisa kichwa. Nyundo ikagonga meza.

Sitini na mbili kwa cherehani. Kisha ikaja ada ya mnada. Kisha ada ya kuhifadhi mali, ambayo hulipwa na mnunuzi kwa siku zote mali ilizolala pale. Kisha mhuri. Kisha kibali cha kutoa mzigo getini. Bi Sindano alilipa kila moja bila neno. Mwisho, kwenye pindo la nguo yake, pale alipofungia pesa, ilibaki sarafu moja ya mkate.

"Haya, mama," alisema askari mwenye fimbo, kwa sauti ya asali. "Mzigo mzito huo. Kibarua si huyu hapa? Anasema anabeba. Patana naye."

Alikunja mikono akasimama kati yao, aone.

Bi Sindano alimwendea mumewe. Wabebaji wengine walisogea, mnadi mwenyewe aliacha kuandika.

"Wewe," alisema. "Unabeba?"

"Nabeba."

"Mpaka ng'ambo ya soko. Bei gani?"

Naweza alilamba midomo. Alitaja bei. Ilikuwa bei ya haki, bei ambayo hamali yeyote angeitaja, na hapo ndipo Bi Sindano alipoelewa kwamba lazima aikatae. Hakuna mwanamke anayekubali bei ya kwanza.

"Kwa mikono hiyo?" alisema. "Hebu mtazameni jamani. Huyu ndoo ya maji itamwangusha. Ataniangushia mali yangu katikati ya barabara."

Wabebaji wakachekelea.

"Sitaiangusha, mama."

"Maneno! Sura yenyewe inaonyesha ni mtu wa maneno. Watu kama wewe nawajua. Mdomo mbele, kazi nyuma, na nyumbani watu wanalala njaa kwa sababu ya mdomo huo."

Hakukusudia kufika huko. Maneno yalikuwa yamepangwa tayari ndani, sijui tangu lini, yalikuwa yanangoja mlango tu. Yalitoka yamenyooka, yamenolewa, na watu wakapiga makofi kwa furaha. Naweza aliinamisha kichwa mpaka ile kofia ikaziba uso.

"Nitajitahidi, mama," alisema.

"Utachukua sarafu moja. Hutaki, acha."

"Nachukua."

Askari alingoja kidogo aone atakayecheka kati yao, au atakayelia. Hakupata. Akasukuma geti kwa fimbo. "Piteni."

*

Naweza alikiinua kile chuma, akakiweka begani, mguu mmoja ukatetemeka kisha ukatulia. Mkewe alitangulia. Walipita mbele ya ofisi, wakapita foleni iliyomwagika mpaka nje, wakapita kituo cha askari. Hakugeuka nyuma. Alisikia tu pumzi za mumewe, na ndala zake zikiburuta, na mara moja alimsikia akimwambia mtu "samahani, mzigo," kwa sauti ya wabebaji.

Walikata kona nyuma ya ghala, uchochoro mwembamba wenye mfereji na kuta mbili zisizo na dirisha. Bi Sindano alichungulia kule walikotoka. Hapakuwa na mtu. Akaegemea ukuta, akaanza kucheka kwa mkono mdomoni.

"Tumepita," alisema. "Mume wangu, tumepita! Ulimwona yule mnene? Nilidhani nitazirai. Weka chini upumzike. Usiku huu huu tunavisha viti viwili, tunaziba dirisha kwa blanketi, Jumatatu..."

Naweza alishusha cherehani polepole juu ya jiwe. Alivua kofia, akajipangusa jasho nayo. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

Mkewe alikitazama kiganja, akakitazama tena. "Nini?"

"Tulipatana."

"Toka hapa!" Alimpiga begani, akicheka bado. "Kweli wewe huna dawa."

Kiganja kilibaki palepale. Alimtazama usoni akitafuta lile jicho lake la utani. Hakuliona. Hapakuwa na hasira pia. Angekuwa na hasira angejua pa kumshika.

"Pale ilinibidi," alisema. "Unajua ilinibidi. Yale maneno... ilikuwa mchezo tu."

"Najua."

"Hii ndiyo ya mkate wa mama. Hakuna nyingine."

"Tulipatana sarafu moja, mama," alisema Naweza, na sauti ilikuwa ya upole.

Kwa mbali soko lilivuma. Maji machafu yalipita katikati yao. Bi Sindano alifungua pindo la nguo, akaitoa ile sarafu, ya moto kwa joto la mwili wake, akaiweka katikati ya kiganja. Kikajifunga. Naweza aliitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Alivaa kofia. Alipiga goti, akapitisha mikono chini ya chuma, akakiinua begani kwa mguno mmoja, akasimama akisubiri.

"Njia ni ipi, mama?" aliuliza.

Bi Sindano akamtangulia, akamwonyesha.